Mwongozo kwa Mheshimiwa Mpole Aendaye Washington

Hongera, Mheshimiwa. Jimbo umelichukua, picha na familia umepiga, na sasa unafunga mabegi kwenda Washington kuwa mbunge wa chama cha Republican. Kwenye kampeni ulijinadi kuwa mtu wa wastani: unataka kodi ndogo, mpaka unaolindwa, serikali isiyokopa ovyo, na huoni ubaya kukaa meza moja na mtu wa Democratic mkaelewana. Ni msimamo mzuri, na utakuletea shida kabla hujamaliza kupanga vitabu ofisini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na kwa yeyote mwingine anayedhani, kama wewe, kwamba chama kinaongozwa na mwenyekiti wa chama.

Mfahamu bosi wako

Utaambiwa bosi ni Spika. Utaambiwa ni mnadhimu wa chama bungeni. Wachache wenye moyo safi watakuambia ni mwananchi. Waitikie wote kwa adabu, kisha washa redio ya gari.

Mpaka 1987 Marekani ilikuwa na kanuni ya tangu 1949 iliyozitaka redio na runinga, zikigusa jambo lenye ubishi, ziusikilize na upande wa pili. Tume ya mawasiliano ikaifuta mwezi Agosti. Agosti ya mwaka uliofuata Rush Limbaugh, aliyekuwa akitangaza Sacramento, California, akaanza kusikika nchi nzima kutoka New York. Wakati huo muziki ulikuwa umehamia FM, na stesheni za AM zilibaki na mitambo bila cha kurusha. Yeye akaja na kipindi cha saa 3 kila siku ya kazi, na stesheni hazikutakiwa kulipa fedha. Zilimwachia dakika za matangazo ya biashara. Baadaye stesheni zilizomrusha zikapita 600.

Mwaka 1992 Rais George H. W. Bush, kampeni ikiwa imemfikisha pabaya, alimwalika mtangazaji huyo alale Ikulu, na akambebea begi lake kwa mkono wake mwenyewe. Ukitaka, soma tena: Rais ndiye aliyebeba begi. Bush alishindwa hata hivyo. Miaka 2 baadaye Warepublican waliteka Bunge la Wawakilishi baada ya kukaa upinzani miaka 40, na wabunge wapya, walipokusanyika Baltimore kufundwa kazi, wakamfanya Limbaugh mwenzao wa heshima. Mtu ambaye hakugombea hata udiwani alipokewa na darasa zima la wabunge kana kwamba ndiye aliyewapa ubunge. Sehemu kubwa walikuwa wanasema kweli.

Kwetu tumezoea kuona chawa akiwa upande wa kipaza sauti: mtangazaji au msanii anamsifu mkubwa mpaka jasho linamtoka. Kule viti vimegeuzwa. Mkubwa ndiye anayepiga simu studio, anasubiri kwenye laini, na akishaunganishwa huanza kwa kushukuru.

Halafu, tarehe 7 Oktoba 1996, ikaja Fox News, fedha za Rupert Murdoch na akili za Roger Ailes, mtu aliyewahi kuwapamba Nixon, Reagan na Bush kwa ajili ya kamera. Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan, walikuja kupima miji iliyopata chaneli hiyo kati ya 1996 na 2000 wakaona kura za Republican za urais zimepanda kwa pointi 0.4 hadi 0.7. Utasema ni kidogo. Mwaka huo Florida, na urais pamoja nayo, viliamuliwa kwa kura 537.

Lakini hiyo ni faida ya chama kizima dhidi ya jirani. Shida yako wewe iko sebuleni.

Hesabu ya mchujo

Jimbo lako, kama majimbo mengi ya kule, lina mwenyewe. Novemba ni sherehe tu. Vita ni mchujo, mwezi Mei au Juni, watu wengi wakiwa kazini na hawana habari. Wanaofika ni wale wanaofuatilia siasa kila siku, na wanaofuatilia kila siku wana sauti fulani masikioni wakiendesha gari asubuhi na nyingine jikoni usiku. Ukielewa hapo umeelewa nusu ya mambo.

Eric Cantor wa Virginia hakuelewa. Alikuwa kiongozi wa walio wengi Bungeni, namba 2 baada ya Spika, na wengi walimwona ndiye Spika ajaye. Tarehe 10 Juni 2014 alipigwa chini kwenye mchujo na Dave Brat, mwalimu wa uchumi wa chuo kidogo cha Randolph-Macon. Mtu wake wa kupima maoni alikuwa amemhakikishia kwamba anaongoza kwa pointi 34. Alishindwa kwa pointi 11. Tangu cheo hicho kianze 1899, hakuna aliyekuwa nacho aliyewahi kuangukia pua kwenye mchujo.

Wakubwa wa chama hawakumjua Brat. Watangazaji walimjua. Mark Levin alimpigia debe redioni. Laura Ingraham alitoka studio, akaenda Virginia kumfanyia mkutano siku chache kabla ya kura. Siku hizo Obama alikuwa amewaachia wafungwa 5 wa Taliban ili arudishiwe askari mmoja wa Marekani, na Ingraham akauchekesha umati kwamba heri angewapelekea Cantor. Kosa la Cantor lilikuwa nini? Alikuwa ameonyesha dalili za kukubali kwamba vijana walioingizwa nchini bila karatasi wakiwa watoto wafikiriwe. Dalili tu. Na hapa, Mheshimiwa, tega sikio: Cantor hakuwa mtu wa wastani kabisa. Alikuwa mmoja wa waliomnyima Obama usingizi tangu siku ya kwanza. Wastani kule haupimwi kwa kura ulizopiga bungeni. Unapimwa kwa nani amekutaja leo, na kwa sauti gani.

Haki itendeke: mipaka ya jimbo lake ilikuwa imechorwa upya, na watu wa nyumbani walilalamika kwamba humwona kwenye runinga kuliko barabarani. Ingraham peke yake asingemwangusha mtu aliyejengeka. Lakini waliopiga kura siku hiyo walikuwa kama 65,000, kwenye jimbo lenye wakazi zaidi ya 700,000. Kwa hesabu hiyo huhitaji kuishawishi Marekani. Unahitaji watu kama 36,000 wenye hasira na petroli.

Mwaka mmoja kabla, Seneti ilikuwa imepitisha muswada wa uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32, Warepublican 14 wakiwemo. Baada ya Cantor, Bunge halikuugusa. Hakukuwa na haja ya kumwangusha wa pili.

Kuhusu chakula

Kamati ya kampeni ya Cantor ilitumia kama dola 168,000 kwenye hoteli za nyama choma za bei mbaya. Kampeni nzima ya Brat iligharimu kama dola 200,000. Kula nyumbani.

Kwa nini wewe huna mtangazaji wako

Usijisumbue kumtafuta. Chukua saa 3 hewani ueleze jinsi mlivyokaa na wenzenu wa Democratic, wakataka nyongeza ya 6, nyinyi mkataka 2, mkaishia 4, na kila upande ukaondoka na kinyongo kidogo. Dakika ya 7 msikilizaji atakuwa amehamia stesheni ya muziki. Ni kazi njema, pengine ndiyo kazi yenyewe ya Bunge, na haina kipindi.

Mdemokrati naye si bidhaa ya kutosha. Mdemokrati akipandisha kodi kafanya alichoahidi. Mara ya kumi msikilizaji anapiga miayo. Aliyetoka nyumbani kwetu, akala kiapo chetu, kisha akaonekana akicheka na Wademokrati kwenye korido, huyo anatosha wiki nzima. Ndiyo maana utajikuta ukitukanwa zaidi ya watu mnaopingana nao. Watangazaji wana jina lenu kabisa, Republican wa jina tu, na halina rufaa.

Upande wa pili nao walijaribu. Mwaka 2004 walianzisha mtandao wa redio ulioitwa Air America. Ulikufa Januari 2010. MSNBC ilikuwepo na ilikuwa na kelele zake, lakini wanachama wa Democratic mwaka 2020 walimchagua Joe Biden, mtu ambaye hakuna mtangazaji aliyekuwa anamwimba kwa mapenzi. Watu wao wana redio nyingi za kusikiliza. Wako walikuwa na moja kubwa.

Namna ya kuomba radhi

Utateleza, na utahitaji sehemu hii kuliko zote.

Januari 2009 Phil Gingrey, mbunge wa Georgia, aliwatetea viongozi wake wa Bunge waliokuwa wakishambuliwa redioni. Alisema ni rahisi kwa akina Limbaugh kukaa pembeni na kurusha mawe. Simu za wapiga kura zikaanza kuingia ofisini. Kesho yake alikuwa mwenyewe hewani, kwenye kipindi cha Limbaugh, akisema maneno yake yalikuwa ya kijinga. Fuata mfano huo: ndani ya saa 24, kwa sauti yako, hewani, na lawama zote kwenye ulimi wako. Tamko la maandishi halitoshi. Bosi anataka kukusikia ukimeza mate.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya mwenyekiti wa chama, Michael Steele. Kwenye kipindi cha CNN alisema Limbaugh ni mburudishaji tu, na kwamba maneno yake ni ya kuchochea. Jumatatu Limbaugh akautumia muda wake kumuuliza mwenyekiti anafanya nini pale alipo. Siku hiyo hiyo Steele alimwomba radhi. Mwenyekiti wa taifa, Mheshimiwa. Wewe una nini?

Usifikiri kuhamia mrengo mkali kutakuokoa. Ted Cruz, seneta wa Texas, hakuna aliyewahi kumwita mpole. Tarehe 5 Januari 2022 aliliita tukio la kuvamiwa kwa jengo la Bunge shambulio la kigaidi, maneno aliyokuwa ameyatumia huko nyuma bila tatizo. Usiku Tucker Carlson akamchambua kwenye Fox. Kesho yake Cruz aliomba aingie kipindini, akaeleza kwamba ule ulikuwa uzembe wa maneno na upumbavu. Carlson akamwambia usoni kwamba hamwamini. Itafute video, uangalie uso wa seneta: mwanasheria wa Harvard, aliyewahi kusimama mara kadhaa mbele ya Mahakama ya Juu, anatafuta mahali pa kuweka macho.

Majirani zako wa mrengo mkali

Zamani mbunge mgeni alinyamaza. Alipewa kiti kwenye kamati ndogo, akasubiri miaka, akikosana na wakubwa hakupata fedha za kampeni wala bajeti ya barabara. Mbunge wa mrengo mkali wa leo hana haja na kamati. Akitoka kwenye kikao akiwa amekataa kila kitu, kuna kamera inamsubiri, na jioni wafuasi wanamtumia dola 20 na 25 kutoka majimbo asiyoyajua. Spika atamtisha kwa lipi?

Wabunge wa namna hiyo waliunda kundi lao, Freedom Caucus, Januari 2015. Septemba ileile Spika John Boehner akatangaza kufungasha virago. Maelezo yake ya baadaye kuhusu kilichotokea ndiyo bora niliyowahi kuyasoma, kwa sababu yanahusu biashara: kwamba Levin alikwenda mbali kulia akapata wasikilizaji wengi, na wasikilizaji hao wakawavuta Sean Hannity wa Fox na Limbaugh wamfuate. Yaani watangazaji walikuwa wakikimbizana wao kwa wao, na chama kilikuwa nyuma kimefungwa kamba.

Kevin McCarthy aliona yote hayo akadhani anajua dawa. Januari 2023, alipokuwa akikosa uspika raundi baada ya raundi, Carlson alimtajia hewani bei: aziachie video za uvamizi wa 6 Januari 2021, na aunde kamati ya kuvichunguza vyombo vya usalama. McCarthy alishinda raundi ya 15, usiku wa kuamkia 7 Januari. Kamati ndogo ikaundwa mwezi huohuo. Februari Carlson akafunguliwa video za zaidi ya saa 40,000. Bili ililipwa yote, na haikusaidia: tarehe 3 Oktoba Warepublican 8 waliungana na Wademokrati wakamwondoa kwa kura 216 dhidi ya 210, Spika wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo. Mrengo wa wastani, waliokuwa wengi mara kadhaa kuliko wale 8, walisikitika sana.

Wiki chache baadaye kuna jambo moja lilitokea ambalo ningependa ulibandike ukutani. Jim Jordan, mtu wa mrengo mkali na mgeni wa kila mara wa runinga, aligombea nafasi iliyoachwa. Kutoka kipindi cha Sean Hannity zilitumwa barua pepe kwa wabunge waliosita, kuwauliza kwa nini hawamuungi mkono. Wengine walipata simu za vitisho. Mke wa mbunge mmoja alitumiwa ujumbe usiku na asiyejitambulisha. Kwenye raundi ya tatu ya kura ya wazi, Oktoba 20, Warepublican 25 walimkataa Jordan. Mchana uleule wakaingia chumbani, wakafunga mlango, wakapiga kura ya siri kama aendelee kugombea. Waliosema hapana walikuwa 112.

Wapo kati yao, bila shaka, waliokuwa wamechoka tu na kutaka kwenda nyumbani. Hata ukiwatoa hao, una chama kizima ndani ya chumba kimoja ambacho nje hakipo.

Mtangazaji naye ana bosi

Usimchukie, Mheshimiwa. Analala vibaya kuliko wewe. Mwaka 2008 Limbaugh alimpinga John McCain kwa nguvu zote na wanachama wakamteua McCain. Januari 2016 mtangazaji Glenn Beck alikuwa miongoni mwa walioandika dhidi ya Trump kwenye toleo maalumu la jarida la National Review. Aprili Levin naye akasema hatampigia. Wasikilizaji wakawaangalia kwa mshangao, wakaendelea na safari. Septemba Levin akatangaza kwamba kura yake atampa. Mtangazaji anaweza kumnyima mtu mpole usingizi, lakini hadhira ikishaamua njia, yeye hukimbia atangulie mbele ili aonekane anaongoza.

Usiku wa 3 Novemba 2020 Fox ilitangaza kwamba Biden ameichukua Arizona, kabla ya wengine. Ilikuwa kweli, na ilikuwa balaa. Watazamaji wakaanza kuhamia chaneli ya Newsmax. Ripota mmoja wa Fox alipoandika kwamba madai ya wizi wa kura hayana ushahidi, Carlson aliwatumia ujumbe wenzake wa usiku akitaka afukuzwe, na hoja yake ilikuwa kwamba kampuni inaumia na bei ya hisa inashuka. Ujumbe huo tuliusoma baadaye mahakamani, kwenye kesi ya kampuni ya mashine za kura ya Dominion, pamoja na mwingine mwingi unaoonyesha kwamba watu wa Fox hawakuyaamini waliyokuwa wakiyaachia hewani. Tarehe 18 Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5. Siku 6 baadaye Carlson akaondolewa. Chris Stirewalt, aliyesimama hadharani kuitetea ile hesabu sahihi ya Arizona, alishamwaga unga tangu Januari 2021.

Wewe unamwogopa yeye, yeye anawaogopa watazamaji, watazamaji wameambiwa wakuogope wewe. Nani anafaidi? Muulize anayeuza matangazo ya dawa za viungo.

Ukitaka kuokoka

Njia iliyothibitika ni kuhama. Warepublican 10 walipiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021. Baada ya uchaguzi wa 2022 walibaki 2, Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Majimbo hayo mawili mchujo wake ni wa wagombea wote na wapiga kura wote kwa pamoja, wawili wa juu wanaingia fainali. Mwenzao Liz Cheney alibaki Wyoming, kwa mtindo wa kawaida, akapoteza kwa pointi 37.

Alaska nako si kubaya. Seneta Lisa Murkowski alishindwa mchujo 2010, akagombea kwa watu kuandika jina lake kwa kalamu kwenye karatasi, kampeni ikawafundisha kuliandika herufi kwa herufi, akashinda. Mwaka 2021 alimkuta Trump na hatia, na 2022 akashinda tena, Alaska ikiwa imeshabadili utaratibu wa mchujo. Kwa hiyo hamia kwenye baridi, na uwe na jina ambalo watu wako tayari kujifunza.

Usifanye alichofanya Bob Inglis wa South Carolina. Mwaka 2009, kwenye mkutano na wananchi wake, mmoja alimtaja Glenn Beck, na Inglis, Republican wa siku nyingi, akawashauri kwamba Beck akitokea wazime runinga. Ukumbi ukamzomea. Alikuwa na makosa mengine machoni mwao, hasa ya kuamini kwamba dunia inapata joto, lakini lile ndilo lililokumbukwa. Juni 2010 alishindwa mchujo kwa karibu asilimia 71 dhidi ya 29.

Aliyemshinda ni mwendesha mashtaka mmoja aitwaye Trey Gowdy. Gowdy alikaa Bungeni miaka 8, akaondoka bila kushindwa na mtu, na tangu 2021 ana kipindi chake mwenyewe Fox News, kila Jumapili usiku. Mpigie simu mapema. Laini huwa na foleni.